Utumbo Hauzoei

Nilipokuwa nafundisha shule ya msingi Uvira, Kongo, sikuwahi kumpa mtoto kumi juu ya kumi. Tisa nilitoa, kwa kinyongo, tena baada ya kutafuta nukta iliyosahaulika mpaka macho yakauma. Kumi ni ya Mungu, nilikuwa nikiwaambia watoto, tisa na nusu ni ya mwalimu, ninyi gawaneni zinazobaki. Kwa hiyo siku ile nesi wa Lilongwe aliponiuliza maumivu yangu ni mangapi, kutoka sifuri mpaka kumi, nilikwama. Mgongo ulikuwa unanitafuna kama panya aliyefungiwa ndani ya gunia la mahindi. Mguu wa kushoto ulikuwa unawaka kuanzia nyonga mpaka kidole gumba. Lakini kumi? Niupe mgongo alama niliyomnyima hata yule mtoto aliyekariri jedwali la kuzidisha mpaka la kumi na tatu?

Nikasema sita.

Mke wangu, aliyenisindikiza, akanifinya. Mtu umeamka unatambaa kwenda kunawa uso, halafu sita? Nikamkata jicho anyamaze. Yeye hakujua kwamba nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu za mbele. Mkaaji wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, ni mtaalamu wa kuhojiwa. Tumehojiwa na serikali, tumehojiwa na Umoja wa Mataifa, tumehojiwa na vijana wa kuhesabu vyandarua, tumehojiwa na wanafunzi wa ng'ambo wenye kofia pana wanaoandika tasnifu juu yetu. Na kanuni ya kwanza ya mahojiano ni kwamba maneno ya leo yasigombane na ya mwaka juzi. Ukisema ulitoroka usiku, basi ni usiku mpaka kiama. Ukija ukasema alfajiri, faili limeharibika, na ndege ya kwenda nchi ya tatu utaisikia tu ikipita juu ya bati. Sasa nikitaja tisa leo, mwezi ujao dawa ikikubali nitasema ngapi? Nne? Nesi ataniita bambo, yaani baba, aseme: "Bambo, mara iliyopita ulisema tisa." Hapana. Sita ni namba ya mtu mwenye akili zake. Ina nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka.

Hata hivyo sikushangaa kuulizwa namba katika mji ule. Sehemu kubwa ya Lilongwe inaitwa kwa namba: Eria 3, Eria 18, Eria 25, Eria 47. Na usidhani ukitoka 18 utaingia 19. Namba zimetawanyika ardhini kama njugu zilizomwagika, na ukimuuliza mtu akuelekeze anakuonea huruma. Mji uliozihesabu nyumba zake namna hiyo ukitaka kuhesabu na mgongo wangu, nani mimi nikatae?

Lugha nayo ilinibeba. Kichewa changu ni cha sokoni, kinajua nyanya na punguza bei. Nesi alipouliza naumwa wapi, nikajibu kwa Kiswahili changu, "Naumwa sana, dada, sana!" Akaitikia kwa kichwa, akaandika *msana*. Nikafikiri hajasikia. Kumbe *msana* kwa Kichewa ndio mgongo. Miaka yote nimelalamika kwa madaktari wa lugha tatu wakanipima malaria, na huyu kanielewa kwa bahati mbaya.

Mgongo wenyewe niliuvunja kwenye matola. Msomaji asiyeijua Malawi aelewe kwamba matola ni pikapu ya wazi inayobeba mkaa, mbuzi, mahindi na binadamu, kwa mpangilio huo wa heshima. Nilikuwa juu ya mkaa. Dereva alikwepa baiskeli, mkaa ukabaki, mimi nikaenda. Pingili mbili za uti wa mgongo zilipondeka. Mfupa ulikuja ukaunga kwa namna yake, ila mishipa ya fahamu haijasamehe.

Baada ya hapo nikaanza kupanda ngazi. Siyo mfano, ngazi ipo kweli. Shirika la Afya Duniani liliichora mwaka 1986 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, na ina vipandio vitatu. Cha kwanza ni Panadol na ndugu zake. Cha pili ni kodeini na jamaa zake. Cha tatu ni mofini. Kipandio cha kwanza nilikaa miaka. Panadol nilikula kama karanga. Diklofenaki nilinunua kwa kijana anayeuza dawa na vocha za simu kwenye kimeza kimoja, nikaila bila chakula, kwa sababu siku hizo chakula chenyewe kilikuwa na mambo yake, mpaka tumbo likatoboka vidonda nikatapika kitu cheusi kama masimbi ya kahawa. Kipandio cha pili, tramadoli, kilinizungusha kichwa nikawa namsalimia mlango. Basi baada ya barua, na kibali cha kutoka kambini, na barua ya kuthibitisha ile barua, nikafikishwa mbele ya daktari wa Lilongwe aliyenitazama muda mrefu, akanieleza hatari moja baada ya nyingine, akasema tujaribu mofini ya maji, kidogo sana, na nirudi kila mwezi nionwe.

Nilitoka na chupa ya dawa chungu na karatasi ya vidonge vidogo. Nesi akanishika mkono. Hii ya chupa ni ya maumivu, kijiko chake hiki hapa, kila baada ya saa nne, na ya usiku unywe maradufu ili ulale. Hivi vidonge ni vya kulainisha choo. Usiache, bambo. Ukisahau vyote, hivi usisahau.

Nikaitikia, moyoni nikicheka. Mkimbizi kupewa haluli! Kipindupindu cha 2022 na 2023 kiliua zaidi ya watu 1,700 katika nchi hii, na kwetu kambini kipaza sauti kilipita asubuhi na jioni kutufundisha kuogopa choo kilaini kuliko tunavyomwogopa nyoka. Nimejifunza kunawa mikono kwa kuhesabu. Sasa leo ninunue safari ya chooni kwa hiari yangu? Choo chenyewe kiko nyumba ya saba kutoka kwangu, tunakitumia kaya tisa. Vidonge nikaviweka juu ya kabati, nyuma ya picha ya harusi.

Nitasema ukweli kuhusu ile chupa kabla sijaitukana. Asubuhi ya pili nilifunga kamba za viatu vyangu mwenyewe. Miaka mingi anayenifunga kamba ni mjukuu, naye hufunga fundo la kamba ya mbuzi. Nilikaa kitandani nikaviangalia vile viatu. Mke wangu akauliza, "Unalia nini?" Nikamwambia moshi.

Siku hiyohiyo usingizi ukaanza. Siyo ule wa kujinyoosha. Ni usingizi wa kutekwa. Nilisinzia nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mgao, foleni ikanizunguka kama mto unavyozunguka jiwe, nilipozinduka nikawa wa mwisho na watu wanashangaa heshima yangu ya kuwapisha wengine. Ndoto nazo ni za bure na hazina adabu: nafundisha darasa la kuku Uvira, na Ziwa Tanganyika limeingia mpaka ubaoni linafuta ninachoandika. Mfamasia wa Kijerumani aliyeichuja mofini kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa miaka ya 1800, Sertürner, aliipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Alijijaribia mwenyewe pamoja na vijana watatu. Ninamheshimu mtu anayeonja chakula chake kabla ya kukiuza, ila hakuandika kuhusu kuku.

Kisha kuwashwa pua. Kisha mdomo kukauka mpaka ulimi unagonga kama kijiti. Kisha kichefuchefu, hasa harufu ya dagaa ikipita. Daktari alikuwa amesema haya yote mwili utayazoea baada ya siku chache, na kwa hilo sina ugomvi naye. Siku ya tano usingizi ulipungua, kichefuchefu kikaondoka, nikaanza kusoma gazeti la mwaka jana kwa raha zangu.

Siku ya tano hiyohiyo ndipo mke wangu, mama wa watoto sita, mwanamke anayejua mwendo wa kila tumbo katika nyumba yake, aliponiuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wewe choo ulienda lini?"

Nikatafuta katika kumbukumbu. Nilikuwa nimekwenda kabla ya Lilongwe.

Hapo sasa ndipo ilipo siri ya dawa hii, nami nilikuja kuielewa nikiwa nimechelewa. Mwilini kuna vitasa, na mofini ni ufunguo. Inaingia kwenye vitasa vya ubongo na vya uti wa mgongo, inafunga mlango ambao maumivu hupitia. Bahati mbaya utumbo nao umewekewa vitasa vya aina ileile. Ni kama zile kufuli za bei rahisi za pale sokoni: ufunguo wa jirani unafungua na kwako. Kwa hiyo dawa ikishaulaza mgongo inateremka kuulaza na utumbo, na utumbo ukilala unakuwa mtaro uliokatika maji, kila kilichomo kinakauka pale kilipo. Ubongo unazoea. Pua inazoea. Utumbo hauzoei. Unaweza kuinywa mofini mwaka mzima, na utumbo utaipokea kila asubuhi kama ndiyo mara ya kwanza wanaonana.

Siku ya saba nikawa suala la mtaa. Kambini hakuna siri ya choo. Dzaleka ilipofunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994 ilikusudiwa watu elfu kumi na kitu, leo tumepita 50,000, na ukuta kati yangu na jirani ni tofali moja la udongo ambalo hata wazo linapita. Mtu anayeacha kuonekana kwenye foleni ya choo cha kaya tisa anaonekana kuliko aliyepo.

Wa kwanza kuja ni mzee wa Kirundi tunayemwita Mzee wa Ruyigi, mshika ufunguo wa choo chetu. Alikuja kwa uchungu kidogo, kana kwamba nimesusia taasisi yake. "Mwalimu we, tumekukosea nini?" Nikamweleza. Akashauri kachasu, kikombe kimoja cha moto tumboni. Hapo niliweka ukali wa darasani, kwa sababu daktari alikuwa ameniapisha: pombe kali na dawa hii vikikutana vinaweza kumsahaulisha mtu kupumua. Mzee akasema basi atainywa yeye kwa niaba yangu.

Akaja mchungaji. Mchungaji wetu hajui kuomba kwa sauti ndogo. Aliweka mkono begani pangu, akaomba kila mlango uliofungwa ufunguke, kila kizuizi kiondoke, kila kilichocheleweshwa kitoke kwa jina la Yesu. Kina mama waliokuja naye wakadhani anaombea karatasi zetu za kwenda Kanada, wakaitikia kwa ustaarabu. Mimi niliitikia amina iliyotoka kwenye uvungu wa nafsi.

Halafu ikaja simu ya Marekani. Nina binamu yangu aliyepelekwa Iowa, anakata nyama kiwandani, naye taarifa zilimfikia kabla ya wiki kwisha, sijui kwa njia gani, labda tumbo langu lilipostiwa. Alituma ujumbe wa sauti wa dakika tisa. "Kaka Mwalimu, usikunywe ile dawa! Huku inamaliza batu!" Na hakudanganya. Kwao kampuni moja, Purdue, ilileta sokoni kidonge cha OxyContin mwaka 1996, ikakisifia kama vile hakina madhara makubwa, madaktari wakakiandika mpaka kwa mtu aliyeteguka mguu, na dawa za ukoo huu zikaja kugeuka msiba wa nchi nzima; mwaka 2021 peke yake ziliua zaidi ya watu 80,000, wengi kwa zile za magendo. Nikamuuliza na yeye mgongo wake vipi, maana kukata nyama siku nzima si mchezo. Akasema unamuua. Daktari wake anampa nini? Akanyamaza kidogo. Ibuprofen, na karatasi yenye picha za mtu anayejinyoosha. Huko wameogopa kwa sababu ilizidi, huku haipatikani kwa sababu ni chache, na sisi wana wa nyumba moja, pande mbili za bahari, tumemeza miaka yote vidonge vya kipandio kilekile.

Watoto wa mtaa nao walikuwa na habari yao: Mwalimu anatumia unga. Kwa sababu jirani yetu mmoja aliishi Dar es Salaam, na Dar unga siyo wa ugali tu. Anayeutumia ni teja, na akiukosa anashikwa na arosto. Nilijitetea kwamba yangu ni ya maji. Lakini jirani akauliza, hayo maji yalichanganywa na nini, nikajikuta nimekamatwa: mofini ya maji huanza kama unga, ikapimwa, ikakorogwa. Basi ndiyo, natumia unga. Kwa kadiri mgao ulivyokatwa, ni unga pekee unaofika nyumbani kwangu kwa kipimo kamili.

Lugha yetu ni ya ajabu. Tuna neno letu la zamani la afyuni, kasumba. Mofini ni mtoto wa kasumba. Lakini Mswahili wa leo ukimtajia kasumba anakumbuka kasumba za kikoloni, anakumbuka hotuba. Nimefundisha neno hilo miaka ishirini nikilikemea, nikiwaambia watoto wavue kasumba vichwani mwao, na sasa uzeeni nainywa kwa kijiko, saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, na kuendelea.

Wapo walioogopa nitanasa nisiweze kuacha. Mchungaji aliligusa jambo hilo kwa upole. Nikamjibu kwamba daktari analiangalia hilo kila mwezi, na kwamba haachishi ghafla, hushusha kidogo kidogo. Na isitoshe, mahali hapa palikuwa gereza la kisiasa enzi za utawala wa Kamuzu Banda, na wenyeji husema jina lake lina maana ya "nitaacha, sirudii tena." Mateja wa dunia nzima wanatafuta pa kuitamkia ahadi hiyo. Mimi ndiyo anwani yangu.

Lakini walionichosha kuliko wote ni wenye kuomba kijiko kimoja tu. Jino la huyu, kichwa cha yule, kiuno cha mama muuza sambusa. Watu ni wema, wameniletea maji, wamenibebea kuni, halafu wananyosha kikombe, nami nakataa. Hujui uchungu wa kuwa mchoyo mpaka ukatae kumpa mtu dawa huku unamwona ameshika shavu. Kijiko ambacho mwili wangu umeshakizoea kinaweza kumlaza mtoto wake asiamke. Nikaiingiza chupa kwenye sanduku la bati, ufunguo nikauvaa shingoni. Tangu hapo mama wa sambusa ananiuzia zile za jana.

Siku ya nane nilikuwa mpira. Nilikaa upande. Nilinusa ugali nikaona kama natishwa. Na hapa nitoe lalamiko langu rasmi juu ya ushauri wa lishe: kula matunda kwa wingi, mboga za majani, kunywa maji mengi, tembeatembea. Ushauri mzuri wa kumpa mtu mwenye bustani. Sisi embe tunalijua kwa msimu. Maji yapo, mwisho wa foleni ya ndoo. Kutembeatembea? Mtu ambaye mgongo wake ndio chanzo cha kesi!

Aliyeniokoa ni mwanamke Mkongo mwenzangu aliyepitia Kampala kabla ya kufika huku. Dada yake alifia kule kwa saratani, na waliomuuguza ni manesi wa Hospice Africa Uganda, ile aliyoianzisha daktari Anne Merriman mwaka 1993. Uganda, alisema, wanaikoroga mofini wenyewe, mgonjwa anapewa bure, na tangu 2004 sheria inawaruhusu hata manesi waliosomea kazi hiyo kuiandika, kwa hiyo nesi anakufuata mpaka kijijini. Nilimsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za Peponi. Kisha akanitolea kijikaratasi cha mbegu za papai zilizokaushwa. Kijiko cha chai, tafuna, usimeze nzima. Nesi wa kule alimfundisha dada yake. "Lakini hizi ni za kusaidia tu," akasema. "Dawa yenyewe ya choo walikupa?"

Nyumba ikanyamaza. Mke wangu akageuka polepole, akaitazama picha ya harusi yetu, akaupeleka mkono nyuma.

Sitasimulia aliyosema. Yalihusu walimu kwa ujumla.

Mbegu za papai zina ukali wa pilipili manga na harufu ya haradali. Nilitafuna nikilia, nikameza vidonge vyangu viwili mbele ya mashahidi, nikalala. Na saa tisa usiku, msomaji, utumbo ulizinduka. Haukubisha hodi. Nilishika tochi, nikapita nyumba ya kwanza, ya pili, nikiwa nimejikunja kama nesi ndiye ameniuliza tena ile namba, nikafika nyumba ya saba.

Kufuli.

Mzee wa Ruyigi huufunga mlango wa choo usiku kwa sababu watu wa mtaa wa nyuma huja kutujazia, na ufunguo hulala naye. Nikamgongea. Sasa tangu ile amri ya serikali ya 2023 ya kuwarudisha kambini wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini, mlango wa mkimbizi ukigongwa usiku moyo wa aliye ndani husimama. Nikasikia minong'ono, nikasikia sahani inaanguka, nikasikia dirisha la nyuma linafunguka. "Mzee, ni mimi Mwalimu!" Kimya. "Ufunguo, Mzee, ufunguo!" Sauti ikatoka gizani, nyuma ya nyumba, kwenye mahindi: "Uko peke yako?" Nikamwambia kwa dakika mbili zijazo, ndiyo.

Alipoelewa, yule mzee wa miaka sabini na zaidi alikimbia. Alikimbia mbele yangu na shuka kiunoni, ufunguo juu kama mwenge wa uhuru, akafungua, akasimama pembeni kama askari wa lango. Sitaeleza zaidi. Nilipotoka kulikuwa na taa katika nyumba nne, na mtu mmoja, sijamjua mpaka leo, alipiga makofi.

Sasa kila mwezi nakwenda Lilongwe kuchukua chupa. Naomba kibali, napanda minibasi, napita Lumbadzi, naingia Kanengo, ambako wakati wa msimu harufu ya tumbaku inakuingia mpaka ndani ya nguo. Pale Kanengo jani linaloua mapafu lina jumba lake la mnada, lina magari ya mizigo, wanunuzi wake wanakuja kwa ndege. Chupa yangu iko ndani ya kabati lenye kufuli mbili na daftari ambalo nesi anaandika kila tone. Sisemi ifunguliwe kama tumbaku. Nimeshamsikia binamu yangu. Lakini mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilihesabu kwamba katika takriban tani 299 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikigawiwa duniani kwa mwaka, nchi zote za kipato cha chini zilikuwa zikipata sehemu ya kumi ya tani moja. Kilo 100. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu kwa kalamu nyekundu. Ni mifuko miwili ya mbolea. Kijana wa kabaza angeifunga nyuma ya baiskeli yake, fungu la Malawi na la Kongo na la Burundi na la wengine wote, akaipeleka Salima kwa siku moja bila kushuka kwenye kilima. Salima nimeitaja kwa sababu ndiko nesi Lucy Finch alikoanzisha Ndi Moyo, kituo cha kuwahudumia watu wenye maumivu ya kweli, wa saratani, ambao mgongo wangu ukikaa nao darasa moja ungeona aibu kunyosha mkono.

Safari ya mwisho nesi alinikaribisha vizuri. "Muli bwanji, bambo?" Nikajibu salama. Akauliza choo. Nikamweleza choo, kwa kirefu, pamoja na Mzee wa Ruyigi na shuka lake, mpaka akaweka kalamu chini akafuta machozi. Akauliza vidonge je. Navimeza, nikasema, mke wangu anasimama hapohapo mpaka nifungue mdomo aone chini ya ulimi. Kisha akaivuta kalamu, akawa mtu wa serikali.

"Maumivu leo, bambo. Sifuri mpaka kumi."

Nilikuwa nimejiandaa tangu Lumbadzi. Kusema kweli ilikuwa tatu, na mashimo ya barabarani yameiongezea moja. Lakini tatu, si wataipunguza? Na sita, si wataona haisaidii?

"Nne na nusu," nikasema.

Nesi hakuandika. Alilamba kidole, akaanza kufunua faili langu kurudi nyuma, ukurasa mmoja mmoja.